Maswali na Majibu: Sauti Hupungua Kiasi Gani Ukisogea Mbali?

Barua za sauti na umbali zimetufikia kutoka kwa wanafunzi, mafundi mitambo na watu wanaokosa usingizi kwa ajili ya jenereta ya jirani. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Maswali tumeyafupisha, hesabu tumeziacha.

Robo, nusu au desibeli 6?

*Shikamooni wahariri. Kitabu chetu cha fizikia kinasema umbali ukiwa mara mbili, ukali wa sauti unabaki robo. Mwenzangu anashikilia kuwa inabaki nusu. Programu ya kwenye simu nayo inasema tumetoka 80 hadi 74, ambayo si robo wala nusu. Nani yuko sahihi? – Mwanafunzi wa sekondari*

Marahaba. Wote mko sahihi, ila kila mmoja anasoma kipimo chake.

Kitabu kinazungumzia ukali, yaani nishati inayopita kwenye kila mita ya mraba kwa sekunde. Chanzo kidogo kinachotoa sauti sawasawa pande zote, mahali pasipo na kuta, huisambaza nishati yake juu ya uso wa tufe linalozidi kupanuka. Eneo la uso huo ni 4πr². Umbali ukiwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne na nishati ni ileile, kwa hiyo kila mita ya mraba inaambulia robo. Hakuna kilichopotea njiani, kimetandazwa tu.

Tuitie namba. Chanzo kinatoa wati 1 ya sauti. (Wati ya sauti yenyewe, si ya umeme, spika nyingi hugeuza asilimia chache tu za umeme kuwa sauti, zilizobaki zinakuwa joto.) Kwenye mita 1 ukali ni 1 gawanya kwa 12.57, sawa na wati 0.08 kwa mita ya mraba. Kwenye mita 2 ni 0.02. Kwenye mita 10 ni 0.0008.

Mwenzako, pengine bila kujua, anazungumzia kanieneo, ule msukumo wa hewa unaotikisa ngoma ya sikio na utando wa maiki. Ukali hufuata mraba wa kanieneo, hivyo ukali ukishuka hadi robo, kanieneo inashuka hadi nusu. Maiki hupima kanieneo, si ukali, ndiyo maana fundi na mwalimu wa fizikia wanaweza kubishana siku nzima huku wote wakisema kweli.

Simu sasa. Desibeli ni logi ya uwiano: unachukua ukali, unaugawanya kwa wati 0.000000000001 kwa mita ya mraba, ambao ni ukali wa marejeo uliowekwa karibu na sauti hafifu kabisa inayosikika, unatafuta logi, unazidisha kwa 10. Robo ya ukali ni kupungua kwa desibeli 6.02. Chanzo chetu cha wati 1 kinatoa desibeli 109 kwenye mita 1, 103 kwenye mita 2 na 89 kwenye mita 10. Kwa hiyo usizigawe desibeli kama unavyogawa kilo: kutoka 80 kwenda 40 si nusu, ni ukali kushuka mara elfu kumi.

Na sikio lina hesabu yake ya nne. Watu wengi husema sauti "imepungua nusu" pale inaposhuka kama desibeli 10. Desibeli 6 wanazisikia vizuri, lakini hawaziiti nusu.

Njia ya mkato: upungufu wa desibeli ni 20 × logi ya (umbali mpya ÷ umbali wa zamani). Umbali mara 1.4 ni desibeli 3, mara 2 ni 6, mara 3 ni 9.5, mara 5 ni 14, mara 10 ni 20. Namba hizo tano zikikaa kichwani hutahitaji kikokotoo. Kumbuka tu kwamba kanuni yenyewe ina masharti mawili: chanzo kiwe kidogo ukikilinganisha na umbali uliosimama, na mahali pawe wazi. Karibu kila barua inayofuata ni sharti mojawapo kuvunjika.

Jaribio la darasani limekataa

*Tuliweka spika sakafuni upande mmoja wa darasa lenye urefu wa mita 9, upana 7 na kimo 3. Tulipima kwa mita 1, 2, 4 na 8. Tulipata desibeli 80, 77, 77 na 76. Kwa kanuni tulitegemea 80, 74, 68 na 62. Simu imeharibika? – Mwalimu wa fizikia*

Simu yako ni nzima, mwalimu. Umepima chumba badala ya kupima spika.

Ndani ya darasa, msikilizaji anapata sauti mbili zilizochanganyika. Ya kwanza inatoka kwenye spika moja kwa moja, na hiyo inaitii kanuni. Ya pili imeshagonga kuta, dari na sakafu mara nyingi hadi imeenea chumba kizima karibu kwa kiwango kimoja. Ukiwa karibu na spika ya kwanza inatawala. Ukisogea, ya kwanza inashuka hadi inakutana na ya pili, na kuanzia hapo mita yako inasoma mvumo wa chumba, ambao haujali umesimama wapi.

Mahali zinapolingana panakadiriwa hivi: 0.057 × kipeuo cha pili cha (Q × ujazo ÷ muda wa mvumo). Ujazo ni mita za ujazo. Muda wa mvumo ni sekunde ambazo sauti huchukua kushuka desibeli 60 baada ya chanzo kuzimwa. Aliyeuwekea msingi wa kihesabu ni Wallace Sabine wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeanza mwaka 1895 kwa sababu ukumbi wao mmoja wa mihadhara ulikuwa hausikilizani. Q ni kiasi ambacho chanzo kinaelekeza sauti upande mmoja: 1 kwa kinachotoa pande zote, 2 kwa kilichokaa sakafuni, 10 au zaidi kwa spika za honi.

Darasa lako lina mita za ujazo 189. Kuta za saruji zisizo na pazia na wanafunzi wachache zinaweza kukupa muda wa mvumo wa sekunde 0.9 hivi. Kwa Q ya 2, jibu ni mita 1.2. Yaani kipimo chako cha kwanza tu ndicho kilikuwa ndani ya eneo la kanuni, na hata hicho kwa taabu. Ukijumlisha sauti zote mbili kwa hesabu, darasa hilo linapaswa kukupa 80, 77.5, 76.6 na 76.3. Linganisha na ulichoandika. Jaribio lako ni zuri sana, ila linathibitisha kitu kingine.

Ukitaka kanuni yenyewe, toka nje. Tafuta uwanja ambao ukuta wa karibu uko mbali zaidi ya kipimo chako cha mwisho mara mbili au tatu. Pandisha spika juu ya stendi, mita 1.5 au zaidi, na maiki kimo hichohicho. Usitumie mlio wa toni moja: sauti inayofika moja kwa moja na ile inayodunda ardhini zitakuwa zinajumlishana mahali hapa na kufutana pale, na utapata namba zinazopanda unaposogea mbali. Tumia kelele ya pinki, ule mshindo wa "shhh" wenye besi na sauti nyembamba pamoja. Faili lake linapatikana bure intaneti.

Usianzie karibu mno. Anza umbali wa angalau mara tatu ya upana wa spika. Spika ya sentimita 30 ianzie mita 1. Karibu zaidi ya hapo, chanzo chako si nukta tena. Isitoshe makosa ya futikamba hukua: ukikosea sentimita 10 ukiwa kwenye nusu mita, umekosa desibeli 1.6, wakati kosa hilohilo kwenye mita 8 ni desibeli 0.1.

Pima kelele za mazingira spika ikiwa imezimwa, mara mbili, mwanzo na mwisho. Sauti ya spika kwenye kituo cha mbali kabisa iwe juu ya kelele hizo kwa desibeli 10 au zaidi. Tofauti ikiwa 6, punguza 1.3 kwenye usomaji wako. Ikiwa 3, punguza 3. Chini ya hapo acha, ongeza sauti au rudi asubuhi mapema. Kila kituo chukua wastani wa sekunde 30, usinase namba iliyoruka mbele ya macho.

Kuhusu simu: nyingi zina mfumo wa kujirekebishia sauti, unaopandisha sauti ndogo na kubana kubwa. Mfumo huo ukiwa umewaka, unakula tofauti unayoitafuta. Chagua programu inayouzima. Kwa kulinganisha kituo na kituo simu inatosha. Kwa namba ya kupeleka kwenye baraza au mahakama, azima mita yenye daraja la 1 au la 2 pamoja na kifaa chake cha urekebishaji, kile kinachotoa desibeli 94 kwenye hezi 1,000 maiki inapochomekwa ndani yake.

Mbele wanaziba masikio, nyuma hawasikii

*Mimi ni fundi mitambo. Kwenye mikutano ya uwanjani naweka spika mbili mbele juu ya stendi fupi. Safu ya kwanza iko mita 3 kutoka kwenye spika, ya mwisho mita 48. Mbele wanalalamika, nyuma wanalalamika. Ninunue amplifaya yenye nguvu mara mbili?*

Usinunue, ndugu. Nguvu mara mbili inakupa desibeli 3, kwa kila mtu, mbele na nyuma. Nyuma watasema "afadhali kidogo", mbele watahama.

Tatizo lako ni uwiano. Mita 48 ni mara 16 ya mita 3, na mara 16 ni desibeli 24. Amplifaya yoyote utakayofunga, tofauti hiyo itabaki 24. Ukitaka nyuma waongezewe desibeli 10 kwa nguvu peke yake, itabidi utoke wati 200 hadi 2,000, na kabla hujafika huko koili za spika zitapata joto, ukinzani wake utapanda na sehemu ya nguvu unayosukuma haitatoka kama sauti. Amplifaya ndogo ikilazimishwa hadi ncha za mawimbi zikatwe ndiyo mbaya zaidi: twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, huungua kwanza, na fundi huilaumu spika.

Ushindi wa kwanza uko kwenye kimo. Pandisha spika hadi ziwe mita 6 juu ya masikio ya wasikilizaji. Safu ya kwanza, iliyokuwa mita 3, sasa iko mita 6.7 kwa mstari wa mshazari. Ya mwisho imetoka 48 hadi 48.4, kana kwamba haikuguswa. Uwiano umeshuka hadi 7.2, yaani desibeli 17. Umepunguza 7 bila kununua wati hata moja. Kisha elekeza uso wa spika kwenye safu za nyuma, si kwenye vichwa vya mbele. Mbele watakuwa nje ya mhimili, ambako spika ya honi hutoa sauti pungufu kwa desibeli kadhaa, hasa zile nyembamba zinazochoma sikio. Kimo hicho kinataka mnara unaostahimili upepo, kamba za kushikilia na kamba ya pili ya usalama kwenye kila spika. Stendi ya kawaida ya miguu mitatu haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Ushindi wa pili ni spika za katikati. Weka jozi ndogo kwenye mita 24, ikitazama nyuma. Hapa wengi huharibu. Sauti ya mbele inasafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa nyuzi 20, na 349 ikiwa nyuzi 30. Kufika mita 24 inachukua milisekunde 70. Umeme kwenye waya unafika papo hapo. Usipochelewesha spika za katikati, mtu wa nyuma atasikia neno kutoka spika ya karibu, kisha neno hilohilo kutoka mbele baada ya milisekunde 70, na pengo linalozidi takriban 50 kwa maneno ya kuzungumzwa linaanza kusikika kama mwangwi. Ongeza sauti uwezavyo, hawataelewa.

Basi kwenye mixa au prosesa weka dilei ya milisekunde 70 na uongeze 10 hadi 15. Hiyo nyongeza si ya mapambo: sikio huamini kuwa sauti imetoka kule ilikotangulia kufika, hata kama iliyofuata ina nguvu kiasi zaidi. Helmut Haas alilichunguza jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1940. Wasikilizaji wa nyuma wataona msemaji yuko jukwaani, wala hawatagundua kuwa wanasaidiwa na spika ya pembeni yao.

Kwa kukagua mpangilio kabla ya kufunga, chukua namba ya spika ya "desibeli kwa wati 1 kwenye mita 1". Tuseme 97. Wati 200 zinaongeza 23, unapata 120 kwenye mita 1. Mita 48 zinaondoa 33.6. Nyuma wanapata kama 86. Umati unaonong'ona una 60 hadi 65, na maneno yanataka kuwa juu ya kelele kwa 10 hadi 15. Unaona mwenyewe: wati zako zilikuwa zinatosha tangu mwanzo. Ila acha akiba, maana namba ya 86 ni ya vilele vya amplifaya iliyojaa, na wastani wa mtu anayezungumza uko chini yake kwa desibeli 10 au zaidi. Ndiyo maana spika za katikati hazikwepeki.

Maiki inapiga mluzi

*Msemaji wetu hapendi kusogelea maiki. Nikipandisha, inalia. Nifanye nini?*

Msogeze. Kutoka sentimita 40 hadi 10 ni umbali kupungua mara nne, sawa na desibeli 12 za sauti yake, wakati sauti ya spika inayoirudia maiki haijabadilika. Shusha geini, yaani ukuzaji wa sauti ya maiki, kwa 12, ukumbini watasikia vilevile, na mluzi utakuwa umerudishwa nyuma kwa 12. Hakuna ikwalaiza itakayokupa hizo kwa usafi namna hiyo.

Kuna gharama mbili. Maiki za upande mmoja huongeza besi mdomo unapokaribia; kata chini ya hezi 100 kwenye mixa. Na herufi P na B zitapuliza, kwa hiyo maiki ikae kidogo pembeni ya mdomo, ikiuelekea. Mkono usiifunike ile wavu, kwani ukizibwa nyuma maiki inaanza kusikia pande zote na mluzi unarudi. Ukiwa na maiki mbili za watu wawili, umbali kati yake uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na mdomo: mara tatu ni desibeli 9.5, inatosha maiki ya jirani isiivuruge ya mwenyewe.

Jenereta ya jirani

*Kibao cha jenereta kimeandikwa desibeli 97. Muuzaji aliniambia ni 75. Ipo mita 28 kutoka dirisha langu la chumba cha kulala. Ipi ni kweli, na isogezwe wapi nipate 45 usiku?*

Inawezekana zote mbili ni kweli, au karibu na kweli. Kibao chenye alama LWA kinataja nguvu yote ya sauti inayotoka kwenye mashine, haina umbali. Namba ya karatasi za mauzo kwa kawaida ni kiwango kinachosikika kwenye mita 7. Kwa mashine iliyokaa juu ya ardhi ngumu, unatoka ya kwanza kwenda ya pili hivi: toa 20 × logi ya umbali, kisha toa 8. Kwa mita 7 ni 97 − 17 − 8, jibu 72. Muuzaji kasema 75. Ukuta mmoja nyuma ya mashine unaweza kuongeza 3, kwa hiyo hatumgombezi. Wa kugombezwa ni yule anayelinganisha 97 ya mashine moja na 75 ya nyingine akadhani moja ni tulivu.

Chukua 75 kwenye mita 7. Mita 28 ni mara 4, desibeli 12 zinaondoka, dirishani zinafika 63. Kufikia 45 unahitaji kuondoa 30 kutoka kwenye ile 75, ambayo ni umbali mara 31.6: mita 221. Hakuna jirani atakayeisogeza mita 221.

Hapa ndipo umbali unafika ukomo wa manufaa yake. Mara mbili ya kwanza, kutoka 7 hadi 14, inagharimu mita 7. Inayofuata inagharimu 14, halafu 28, halafu 56, kwa desibeli 6 zilezile kila mara. Chukua mbili za kwanza ambazo ni rahisi, nyingine zitafute kwingine. Ukuta mzito usio na nyufa, uliojengwa karibu na mashine na kuizuia isionekane kutoka dirishani, unaweza kuondoa desibeli 5 hadi 15. Ukiweza kuona hata pembe ya mashine juu ya ukuta, umejenga pambo. Ukijenga katikati ya njia, mbali na mashine na mbali na dirisha, unapata kidogo kuliko kote. Bomba la moshi ligeuzwe upande wa pili na lipewe mafla kubwa zaidi, maana sehemu kubwa ya mngurumo inatokea hapo. Na mashine ikae juu ya raba, isigusane na msingi wa jengo. Usiifungie kwenye kibanda kisicho na hewa; itachemka, na moshi wake unaua.

Barua yako imesema pia kuwa usiku inasikika zaidi. Si wasiwasi wako tu. Mbali na mazingira kutulia, usiku mtulivu hewa ya karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu. Sauti hukimbia zaidi kwenye hewa ya moto, hivyo mawimbi yaliyokuwa yakipanda yanapindwa kurudi chini. Mchana wa jua kali ni kinyume: yanapindwa kwenda juu na kuacha ukimya wa uongo chini. Athari hii ni ndogo kwenye mita 28, lakini kwa mita mia kadhaa inaweza kufuta mahesabu yetu yote.

Barabara kuu

*Tulihama kutoka mita 50 hadi mita 100 kutoka barabara kuu. Mtaalamu alisema tutapata nafuu ya desibeli 6; tumepima 3. Tumeibiwa?*

Hapana. Msururu wa magari si nukta, ni mstari mrefu. Sauti yake inatanuka kama mcheduara, si tufe, na eneo la mcheduara hukua sawa na umbali, si mraba wake. Umbali mara mbili, ukali nusu, desibeli 3. Gari moja likipita usiku peke yake, hilo litakupa 6. Udongo laini wenye nyasi utaongeza kidogo. Lami na saruji hazitaongeza.

Kwa nini besi ndiyo inayofika?

*Muziki ukipigwa mbali nasikia mdundo tu, nyimbo sisikii. Je, besi haifuati kanuni ya umbali?*

Inaifuata sawa na nyingine. Kutanuka hakubagui: kutoka mita 1 hadi kilomita 1 kila sauti inapoteza desibeli 60. Tofauti inaletwa na hewa, ambayo hugeuza sauti kuwa joto kidogo kidogo, na huzila nyembamba kwanza. Kwa nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 70, hewa inakula kwa kila kilomita desibeli 0.3 kwenye hezi 125, 5 kwenye hezi 1,000, karibu 23 kwenye hezi 4,000 na 76 hadi 77 kwenye hezi 8,000. Irabu ziko kwenye hezi mia kadhaa, lakini konsonanti kama S, T na CH ziko juu ya 2,000, na ndizo zinazotenganisha neno na neno. Zikiondoka unabaki na mtu anayeguna. Ongeza kuta na madirisha, ambayo nayo huzuia nyembamba na kupitisha nene, basi inabaki ile dum-dum.

Radi ni hivyohivyo kwa sehemu. Ya karibu hupasuka, ya mbali hunguruma, japo mngurumo mrefu unatokana pia na mkondo wa umeme wenyewe kuwa na urefu wa kilomita kadhaa, kila kipande kikifika kwa wakati wake. Na rekodi ya masafa: mlipuko wa volkeno ya Krakatau mwezi Agosti 1883 ulisikika kisiwa cha Rodrigues kwenye Bahari ya Hindi, karibu kilomita 4,800, mithili ya mizinga.

Hatua moja nyuma inakinga sikio?

*Nafanya kazi mbele ya spika, kiwango ni desibeli 94. Nikirudi kutoka mita 1 hadi 2 napata faida yoyote?*

Nje, kubwa. Kwa mwongozo wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, sikio linavumilia desibeli 85 kwa saa 8, na kila nyongeza ya 3 inakata muda nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1, 100 kwa dakika 15. Kurudi mita hiyo moja kunakutoa 94 hadi 88, saa 1 inakuwa saa 4. Uwiano ni uleule wa ukali: robo ya nishati, mara nne ya muda.

Ndani ya ukumbi unaovuma, kwa sababu tulizompa mwalimu, hatua hiyo inaweza isikupe hata desibeli 2. Huko vaa vizibo, na uvisukume ndani hadi sauti yako mwenyewe ijae kichwani. Kizibo kilicholegea hakizuii besi. Masikio yakilia baada ya kazi, muda ulishapita kipimo.

Nyangumi na desibeli 188

*Nimesoma kuwa nyangumi wa bluu anatoa desibeli 188. Inakuwaje mzamiaji asife?*

Desibeli za majini zina marejeo mengine: kanieneo ya maikropaskali 1, si 20 kama za hewani. Hapo peke yake kuna tofauti ya 26. Maji nayo ni mazito na magumu kubanwa, kwa hiyo kanieneo ileile hubeba ukali mdogo kwa kama 36. Toa 62 kwa jumla, na 188 ya majini ina ukali wa 126 ya hewani. Bado ni kubwa, lakini si muujiza.

Tena hakuna aliyeshika maiki mita 1 kutoka kwa mnyama huyo. Hupimwa kwa mbali, kisha inarudishwa kwa hesabu hadi mita 1, ile 20 × logi ikiendeshwa kinyumenyume. Mnyama mwenye urefu wa mita 25 hana mita 1 ya kuzungumzia. Ukiwa karibu naye hivyo yeye si nukta, na mzamiaji hapati 188 mahali popote.